Shahidi na Kafara

Lugha yetu ina neno moja lenye kazi mbili. Shahidi ni yule asimamaye mbele ya hakimu kusema aliyoyaona, na shahidi tena ni yule afaye kwa ajili ya imani yake. Wayunani nao walikuwa na neno moja kwa mambo hayo mawili.

Twaandika haya kwa sababu ya vijana wetu wa hapa Magogoni. Wao hupenda sinema za kutisha zinazouzwa Kariakoo, kama Shumileta ya Mussa Banzi iliyovuma katika miaka ya 2000, na nyingine ambamo tajiri humtoa mtoto wake kafara apate mali. Juzi mmoja alituambia ya kuwa msichana aliyetolewa kafara amekufa shahidi. Tulikataa, nao wakadhani twamdharau marehemu!

Basi tukawasimulia habari za Namugongo. Tarehe 3 Juni 1886 Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto kwa amri ya Kabaka Mwanga. Miongoni mwa waliouawa siku ile alikuwamo kijana Mbaga Tuzinde, ambaye Mukajanga, mkuu wa wauaji, alikuwa amemlea kama mwanawe. Mzee yule alimsihi sana aikane dini yake. Mlango ulikuwa wazi, na kijana akakataa kutoka. Msichana wa sinema hana mlango. Hukimbia, hulia, hufa bila kuulizwa neno.

Wala heshima yake haipungui kwa hayo. Kariakoo yenyewe yaitwa kwa jina la Carrier Corps, wapagazi waliowekwa kambini pale baada ya Waingereza kuutwaa mji mwaka 1916. Wapagazi wa vita ile walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi kuliko kwa risasi, na wengi walikuwa wamekamatwa kwa nguvu. Sanamu iliyosimamishwa mjini mwaka 1927 ni ya askari, mpagazi hakuchongwa. Tukiwaita hao mashahidi, twamfariji nani? Labda yule aliyewakamata. Shahidi alisema neno lake. Hao hawakupewa nafasi ya kusema.

Hapo binti mmoja akauliza, “Na watoto wa Bethlehemu, mwalimu? Kanisa huwahesabu mashahidi, nao hawakujua hata kunena.”

Swali hilo lilitutoa jasho. Tulimjibu ya kuwa Mathayo hasemi lolote juu ya ushujaa wa watoto wale. Amtaja Herode kwa jina lake, kisha amwacha Raheli alie.