Risasi Nzito, Baruti Kidogo

Bastola mimi naiona kiunoni kwa askari tu. Ila binamu yangu yuko Ohio, Marekani, na starehe yake ya Jumapili si disko, ni kupiga shabaha. Risasi anajaza mwenyewe nyumbani: ganda lililokwishatumika, fataki mpya, baruti, kisha kichwa.

Ungedhani kichwa kizito kinataka baruti nyingi. Wapi! Kizito kinatoka kwa uvivu, gesi inabanwa nyuma yake, presha inapanda. Ndiyo maana baruti inapunguzwa. Kichwa kizito cha kaliba .45 kina kama gramu 15. Baruti yake, zile za kuwaka haraka, haifiki hata nusu gramu. Jamaa anafuata kitabu cha watengenezaji, anaanzia kipimo cha chini, anapanda kidogo kidogo. Risasi zikishaanza kutua pamoja, anakomea hapo. Karatasi haihitaji kuuawa, bwana!

Anachoogopa ni kutia baruti mara mbili kwenye ganda moja. Bastola inaweza kupasukia mkononi. Akipima, simu haipokei, hata apige mama yake.

Sisi tunaotia chumvi kwa kukadiria, tungebaki na vidole vingapi?