Picha Moja kwa Ajili ya Baba

Marehemu baba yangu, aliyekuwa dereva wa lori, aliniomba picha moja ya magari ya zamani yakishindana. Nikiwa masomoni Uingereza, nilikwenda Goodwood, uwanja wa mbio uliofunguliwa mwaka 1948. Kwa hofu ya kukosea, niliiweka kamera kwenye 1/1000 ya sekunde. Kila gari likatoka safi, lakini kana kwamba limeegeshwa. Mzee mmoja kando yangu akanishauri nishuke hadi 1/60, nilifuate gari kwa kuzungusha kiuno, nisisite hata baada ya kubonyeza. Niliharibu picha 30. Moja ikafaulu: magurudumu yakizunguka, nyasi zimegeuka mistari. Baba aliitazama kwa muda mrefu, akasema, "Hili linakwenda." Ndugu zangu, ni mara ngapi hofu ya kukosea hutunyima kile tulichokifuata?