Kurasa Kumi za Mwalimu

Kila kazi ina kipimo chake. Mkulima hupimwa kwa mavuno, mvuvi kwa samaki, na seremala kwa mlango unaofunga bila ya kukwaruza sakafu. Mwalimu wa chuo kikuu hapimiki kwa urahisi huo. Mavuno yake humea katika akili za watu wengine, nazo akili hazitiwi katika mizani. Na mara nyingi huzaa matunda baada ya mwalimu mwenyewe kusahauliwa. Kwa kuwa kipimo cha haki ni adimu, vyuo vikuu vingi vimeshika kipimo kilicho chepesi: huhesabu makala ambazo mwalimu amezichapisha. Mwenye nyingi hupanda. Mwenye chache hungoja.

Mimi ni mwalimu wa uhandisi wa majengo, nami naishi chini ya kipimo hicho kama wenzangu. Siandiki ili nikilaani. Utafiti ni wajibu wa msomi, na msomi asiyeandika ni kama kisima kilichofunikwa. Lakini kwa miaka mingi nimejiuliza swali moja: je, saa ninayompa mwanafunzi ni saa niliyoinyima elimu? Katika kulitafuta jibu nilisoma habari za profesa mmoja wa Marekani, Hardy Cross. Wanafunzi wa fani yetu hulijua jina lake kwa sababu ya hesabu zake. Maisha yake hawayajui.

Cross alizaliwa mwaka 1885 katika jimbo la Virginia. Kabla ya kuwa mhandisi alifundisha Kiingereza na hesabu, na nadhani mapenzi ya lugha safi hayakumtoka tena. Alipata shahada ya uhandisi katika chuo cha MIT mwaka 1908, akafanya kazi katika idara ya madaraja ya kampuni moja ya reli, kisha akapata shahada ya juu Harvard mwaka 1911. Alifundisha katika Chuo Kikuu cha Brown, na mwaka 1921 akaingia Chuo Kikuu cha Illinois. Huko ndiko alikotenda jambo linalomfanya akumbukwe.

Ili msomaji asiye mhandisi alione jambo hilo, yafaa kwanza alione tatizo lake. Boriti moja iliyolazwa juu ya kuta mbili ni hesabu ya mtoto wa shule. Lakini jengo la zege halikuundwa hivyo. Nguzo na boriti humiminwa pamoja zikawa mwili mmoja. Ukilemea boriti ya chumba kimoja, nguzo ya chini hupinda, na boriti ya chumba cha jirani husikia habari. Kila kiungo hujaribu kuzunguka, na kila kiungo huwavuta wenzake. Nguvu ile ya kupinda, ambayo wahandisi huiita momenti, haiwezi kujulikana mahali pamoja bila ya kujulikana mahali pote. Kwa njia za zamani jengo la ghorofa nyingi lilidai milinganyo mingi iliyofungamana, ya kufumbuliwa yote kwa wakati mmoja, kwa mkono na penseli. Kazi hiyo ilichosha wenye akili, na ikawatisha wengine wasiijaribu kabisa.

Cross alishika njia nyingine. Jaalia, alisema kwa maana, kwamba viungo vyote vimetiwa kufuli visizunguke. Pima momenti zilizopo katika hali hiyo ya uongo. Kisha fungua kufuli moja tu. Kiungo kitazunguka, na kile kilichokuwa kimezidi kitagawanyika kwa boriti na nguzo zinazokutana hapo, kila moja ikipata fungu kwa kadiri ya ukakamavu wake. Na nusu ya kila fungu itasafiri mpaka ncha ya pili. Funga tena, uende kwenye kiungo kinachofuata. Rudia. Kila mzunguko masalio hupungua, mpaka yanakuwa madogo yasiyostahili kuhesabiwa.

Nitatoa mfano mdogo. Boriti mbili zilizo sawa kwa kila hali zimeungana katikati juu ya egemeo moja, na ncha zao za mbali zimeshikwa zisizunguke. Mzigo uko juu ya boriti moja tu, nao unaleta katika kiungo cha katikati momenti ya 80. Fungua kufuli. Hizo 80 hazina mpinzani. Kwa hiyo zinagawanywa, 40 huku na 40 huku. Iliyolemewa imepunguziwa 40, ikabaki na 40. Jirani yake, ambayo haikubeba kitu, sasa inazuia kwa 40. Ncha ya mbali ya kila upande imepelekewa 20. Mizani imesimama, na hapakuwa na mlinganyo hata mmoja. Wahenga waliosema haba na haba hujaza kibaba hawakuwa wakifikiri boriti. Lakini hekima ya njia hii ni hiyo hiyo, ila hapa haba na haba huondoa kosa badala ya kujaza kibaba.

Makala yenye fikira hiyo ilitolewa na chama cha wahandisi wa ujenzi wa Marekani mwezi wa Mei 1930. Ilikuwa na kurasa 10. Chama kilipoichapa tena katika kitabu chake cha mwaka 1932, ilifuatwa na maoni ya watu 38 yaliyojaza kurasa 146. Chema chajiuza. Mwaka 1933 mwandishi alitunukiwa nishani ya Norman, na muda si muda njia yake ikawa mkate wa kila siku katika ofisi za wahandisi wa nchi nyingi.

Sasa naja kwenye jambo lililonigusa. Kabla ya kurasa hizo 10, Cross alikuwa amechapisha machache sana, na inasimuliwa kwamba mkuu wa kitivo chake hakuridhika naye, akamnyima nyongeza ya mshahara. Kwa kipimo cha idadi, mtu huyo alikuwa mvivu. Kumbe fikira ile ilikuwa imekwisha kuishi darasani miaka kadhaa. Wanafunzi wake walikuwa wakiitumia kabla ya dunia kuisoma. Cross hakuacha kufundisha ili afanye utafiti. Alifundisha mpaka ufundishaji wenyewe ukazaa utafiti. Alikuwa na vijana mbele yake ambao iliwapasa waelewe jinsi jengo linavyobeba mzigo, akaona kwamba milinganyo iliwapa jibu bila ya kuwapa fahamu. Akatafuta njia ambayo kila hatua yake ina sura ya jambo linalotendeka katika zege. Waliosoma kwake wamesimulia kuwa alikuwa mkali, mwenye kuuliza kuliko kueleza, na kwamba uzito wa masikio yake aliweza kuugeuza chombo cha kuwalazimisha wanafunzi kusema wanachokiamini kwa sauti kubwa na kwa maneno ya wazi.

Tena fikira hiyo haikukaa katika majengo tu. Mwaka 1936 Cross aliipeleka kwenye mabomba ya maji ya miji. Katika kila makutano maji yanayoingia lazima yawe sawa na yanayotoka, na ukizunguka kitanzi chochote cha mabomba, msukumo unaopotea na unaopatikana lazima ufutane. Kisia mtiririko, pima kosa, sahihisha kidogo, rudia. Mwaka uliofuata alihamia Chuo Kikuu cha Yale kuongoza idara ya uhandisi wa ujenzi. Alifariki mwaka 1959.

Nimefundisha njia ya Cross kwa miaka mingi, na imenifunza jambo ambalo sikulitazamia. Hesabu nyingi za fani yetu zinanishinda kuzieleza kwa Kiswahili bila ya kukopa neno katika kila sentensi. Hii haikunishinda. Kufunga, kufungua, kugawa, kupeleka, kusawazisha: maneno yote tunayo. Niliwahi kumweleza fundi mkuu mmoja, mzee asiyepata kuingia chuo, kwa nini nondo za juu zisipunguzwe penye nguzo ya katikati. Nilichora boriti mchangani, nikafungua kufuli kwa ncha ya kijiti. Akaniambia, "Basi, mwalimu, jirani anamsaidia jirani, na kamba ya msaada inapita juu ya nguzo." Sijasikia maelezo bora kutoka kwa mtahiniwa yeyote.

Najua nitakalojibiwa. Nitaambiwa kwamba njia hii imezeeka, kwamba tangu miaka ya 1960 kompyuta zimeichukua kazi hiyo, na kwamba mashine leo hufumbua milinganyo maelfu kabla mtu hajanoa penseli. Ni kweli, wala sitamani turudi nyuma. Lakini mashine hujibu swali iliyoulizwa, si swali iliyopaswa kuulizwa. Mwanafunzi mmoja aliniletea hesabu za kompyuta zilizopigwa chapa vizuri, zenye tarakimu sita baada ya nukta, na boriti yake ilikuwa imelemewa mara 1000 kuliko mzigo wa kweli, kwa kuwa nyutoni ziliingizwa mahali pa kilonyutoni. Karatasi haikuona haya. Nilimwomba afungue kufuli mbili tu kwa mkono. Kabla ya kumaliza ya kwanza alinyanyua macho, akatabasamu, akachukua karatasi zake. Hakuna aliyemwonyesha kosa, alikuwa ameliona. Fahamu hiyo ndiyo tunayoipeleka kwenye ghorofa ambazo watu watalala chini yake.

Iko hoja nyingine iliyo nzito zaidi, nayo haki inanilazimu niitaje. Si kila mwalimu mwenye makala chache ni Cross. Wako waliojificha nyuma ya ubao wakifundisha daftari lile lile tangu ujana wao, na kwao upole ungekuwa dhuluma kwa wanafunzi. Kweli tupu. Lakini dawa ya hao si kuhesabu kurasa, maana mvivu mwerevu hujifunza upesi kuandika kurasa nyingi zisizobeba kitu. Dawa ni kuuliza swali gumu zaidi: kutokana na kazi ya mtu huyu, ni nani sasa anayeweza kutenda jambo ambalo jana hakuliweza? Swali hilo humfichua mvivu wa darasani na mvivu wa makala kwa pamoja.

Kwa hiyo jibu la swali langu nimelipata, nalo lina gharama. Siku za Jumamosi asubuhi, ambazo ningeweza kuzipa makala, nimezitenga kwa wanafunzi wa mwaka wa 2 ambao viungo vya hesabu zao bado vimefungwa. Huenda kamati ikaniweka katika foleni kwa miaka mingine. Nimeridhia, kwa sharti moja ninalojiwekea mwenyewe: kila swali ambalo mwanafunzi ameniuliza nami nikakosa jibu, nitaliandika, nilifuate, na likizaa kitu nikichapishe, hata kiwe kurasa 10. Kufundisha na kutafiti si wake wenza wa kugombea nyumba moja. Ni boriti mbili katika kiungo kimoja. Ukiulemea upande mmoja kwa uaminifu, fungu la mzigo huvuka likafika upande wa pili, na jengo husimama.