SUMBAWANGA KWA MFUKO MDOGO
Mambo ya kutazama Ufipa pasipo gharama kubwa

Watu wengi wa vijijini hufika Sumbawanga kwa shida zao tu. Huyu amempeleka mgonjwa hospitali, yule amemsindikiza mtoto shuleni, mwingine ameitwa ofisini kwa habari ya shamba. Shida ikiisha mapema, hukaa stendi toka asubuhi hata jioni wakingoja gari. Hununua soda na andazi, kisha hurudi kwao na kusema: "Mjini hakuna kitu bila fedha."

Neno hilo si kweli. Mambo makubwa ya Ufipa hayauzwi dukani. Yako sokoni, milimani, mashambani, na vinywani mwa wazee. Yahitaji miguu, adabu na masikio. Lakini baadhi yake yanaharibika mwaka kwa mwaka, na hayatarudi. Ndiyo sababu twawaandikia ninyi akina baba na akina mama: siku mtakapofika mjini pamoja na watoto, msiipoteze.

Jina la mji

Sumbawanga uko juu ya uwanda wa Ufipa, kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Kimo chake ni mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari. Kwa hiyo mwezi wa Juni na wa Julai baridi huingia mpaka mifupani, na mwenye watoto wadogo asisahau sweta.

Wenyeji husema jina hili ni maneno mawili ya Kifipa: sumba, yaani tupa, na wanga, yaani uchawi. Basi mgeni aingiapo huambiwa, "Tupa uchawi wako." Ni onyo jema kwa mji wowote. Mwaka 1974, mkoa wa Rukwa ulipoundwa, Sumbawanga ulifanywa makao makuu yake. Mwaka 2012 sehemu ya kaskazini ilitengwa ikawa mkoa wa Katavi, lakini Sumbawanga ukabaki kuwa mji mkuu wa Rukwa.

Anzeni sokoni

Kutazama soko hakulipiwi. Mtaona mahindi, ulezi, na maharage ya rangi nyingi. Mtaona pia samaki wa Rukwa na dagaa wa Tanganyika. Waulizeni watoto: "Samaki hawa wametoka wapi?" Hapo somo la jiografia limeanza. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na katika dunia nzima ni ziwa moja tu lililo na kina kuupita huo, nalo ni Baikal la Urusi. Ziwa Rukwa ni la kina kifupi, halina mto utokao, na maji yake hupanda na kushuka kwa miaka. Maziwa mawili yasiyofanana hata kidogo, na samaki wake hukutana sokoni Sumbawanga.

Kutoka sokoni si vibaya kuingia kanisa kuu la jimbo, kupumzika na kusali. Waelezeni watoto kwamba jimbo hili zamani liliitwa Karema, kwa jina la boma lililo kando ya Ziwa Tanganyika, ambalo Mapadre Weupe walikabidhiwa na Wabelgiji mwaka 1885. Jina la Sumbawanga lilichukuliwa mwaka 1969, wakati wa Askofu Karolo Msakila.

Milanzi na kigoda cha mtemi

Mwenye nafasi ya nusu siku aende Milanzi, ambako ni ndani ya Manispaa ya Sumbawanga yenyewe. Hapo, chini ya mlima Itwelele, ndipo palipokuwa makao ya watemi wa kale kabisa wa Ufipa. Mji mkuu wa mkoa una umri mdogo kuliko babu zetu wengi, lakini Milanzi ilikuwa makao ya utawala tangu zamani sana.

Wazee husimulia kwamba mtemi wa kwanza, Ntatakwa, alikuwa amekwenda kuwinda. Nyuma yake wakafika wanawake watatu wageni, wakakaa juu ya kigoda cha utawala. Mtemi aliporudi alikuta jambo limekwisha. Lakini watu hawakuchinjana. Walipatana: ukoo wa wageni, yaani Watwa, utawale nchi, na Milanzi ibaki na mlima wake na heshima yake. Baadaye utawala wa Watwa uligawanyika ukawa nchi mbili, Nkansi na Lyangalile. Jina la Nkansi twalisikia hata leo katika wilaya ya Nkasi.

Hadithi hii haina kiingilio, lakini yahitaji adabu. Usipande mlimani kama mtu apandaye kichuguu. Nenda kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa, sema u nani na wataka nini, naye atakuonyesha mzee wa kukusimulia. Mpelekee mzee sukari kidogo au sabuni. Waache watoto waulize. Nyumbani wakumbushe kwamba nchi hii, katika hadithi yake ya kwanza, ilimaliza ugomvi kwa mapatano.

Malungu ya chuma

Jambo la tatu lastahili safari ya mbali kidogo, nje ya mji. Katika vijiji kadhaa vya Ufipa bado yamesimama malungu, yaani matanuru ya kuyeyushia chuma. Ilungu moja ni mnara wa udongo wa kichuguu, mrefu kuliko mtu, lenye kimo cha mita tatu hivi. Wahunzi walilijaza makaa na mawe ya chuma, wakatia moto. Mivukuto haikutumika: matundu yaliyo chini yalivuta upepo yenyewe, na moto ukawaka siku kadhaa. Chuma kilichotoka kilikuwa bado na takataka. Basi kilitiwa tena katika tanuru dogo liitwalo kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika, mpaka chuma kikawa safi cha kufulia majembe.

Kazi hii ilikuwa na miiko mingi, na mhunzi mkuu aliheshimiwa sana. Jembe lililotoka humo lililima shamba, tena lilitolewa kuwa mahari. Majembe ya rahisi kutoka Ulaya yalipoingia, moto wa malungu ulizimika pole pole katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Usione vyaelea, vimeundwa. Na hawa waliounda hawakusoma chuo chochote cha ufundi, ila walisoma kwa baba zao.

Tazameni sasa hatari yake. Ilungu ni udongo. Mvua hulimomonyoa, mzizi wa mti hulipasua, na mwenye shamba aliyechoka kulizunguka kwa jembe la ng'ombe aweza kulibomoa kwa asubuhi moja. Kama ndugu msomaji una ilungu shambani mwako, tafadhali uliache. Acha hatua chache pande zote bila kulima, fyeka majani yanayolizunguka, wala usiruhusu watoto wapande juu yake. Kazi hiyo haidai shilingi. Kulijenga upya, aliyejua ufundi hayupo tena.

Mkiwa njiani kwenda huko, angalieni pia mashamba. Ufipa ina majani mengi na miti michache, kwa hiyo wakulima wake waligundua kuyazika majani katika matuta ya mviringo. Majani huoza, udongo hupata nguvu, na baada ya kuvuna maharage tuta husambazwa na ulezi hupandwa. Hiyo ni mbolea isiyonunuliwa.

Mbizi na bonde la Rukwa

Kaskazini-mashariki ya mji kuna milima ya Mbizi na msitu wake, ambamo huishi mbega wekundu. Msitu huu ni hifadhi, basi ulizeni kwanza ofisi ya Misitu habari za ruhusa na ada. Lakini kutazama bonde la Rukwa hakuna ada. Yeyote ashikaye njia ya Ntendo kwenda Muze hufika mahali ambapo nchi yakatika ghafula. Bonde liko chini mita elfu moja hivi, na siku isiyo na ukungu ziwa hung'aa mbali. Msafiri Joseph Thomson alifika upande huu mwaka 1880, akaliita ziwa hili kwa jina la Leopold, mfalme wa Ubelgiji. Jina lile limekufa, na Rukwa lingali Rukwa.

Kalambo kwa kuchangiana

La mwisho lina gharama, nalo ni maporomoko ya mto Kalambo, mpakani na Zambia. Maji huanguka mara moja tu, zaidi ya mita 200. Karibu na hapo, upande wa Zambia, Desmond Clark alianza kuchimba mabaki ya watu wa kale mwaka 1953. Na mwaka 2023 wataalamu walitangaza kwamba magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa pale yana umri wa miaka 476,000 hivi. Hakuna ujenzi wa miti unaojulikana duniani ulio wa kale kuliko huo.

Familia moja pekee itaona nauli ni nzito. Heri jumuiya nzima ichange, ikodi gari moja, ichukue ugali na maharage yake. Ulizeni ada ya kuingia kabla ya kuondoka. Mkifika, washikeni watoto mkono, maana ukingo hauna huruma.

Basi ndugu wasomaji, atakayesema tena kwamba Sumbawanga hakuna kitu bila fedha, mwulizeni kama amekwisha kufika Milanzi, au kama amewahi kuona ilungu. Wazee wenye kujua wanapungua. Kuwasikiliza leo ni bure. Kesho hata mwenye gunia la fedha hatampata wa kumsimulia. Mwacha asili ni mtumwa. Likizo ijayo, wachukueni watoto mkaione nchi yao.