Meno Yetu na Maji ya Mandewa

Wapo watu wengi katika nchi yetu ambao wakicheka hujiziba mdomo kwa kiganja. Mgeni huona kuwa ni adabu, au ni haya. Mimi ni mmoja wao, na napenda kusema wazi kwamba si adabu wala si haya, ni meno. Nimezaliwa na kukulia Mandewa, mjini Singida, na meno yangu ya mbele yana mistari ya kahawia iliyokolea kama chai ya rangi iliyolala birikani. Mawili kati yake yana vishimo vidogo, mfano wa ukuta wa udongo uliopigwa na mvua.

Utotoni hatukujua kuwa hiyo ni kasoro. Darasani tulikuwa hivyo karibu sote, na mtoto wa mtumishi aliyehamishiwa kwetu kutoka pwani ndiye aliyeonekana wa ajabu kwa meno yake meupe kama maziwa. Tulimwonea huruma kidogo, tukidhani kwamba bado hajakomaa. Nilipokwenda Dar es Salaam kusomea stashahada ya uandishi wa habari ndipo nilipopewa sura nyingine pasipo kuiomba. Mpiga picha wa kitambulisho aliniambia nifumbe mdomo ili picha itoke vizuri. Mama mwenye nyumba aliniuliza kwa upole tangu lini navuta sigara. Mwanafunzi mwenzangu, ambaye hadi leo ni rafiki yangu wa dhati, aliniletea mswaki na dawa ya meno zikiwa zimefungwa vizuri kama zawadi ya sikukuu. Nilizipokea na kumshukuru. Ningemwambia nini? Nilikuwa nikipiga mswaki mara mbili kwa siku tangu nikiwa darasa la kwanza.

Basi ijulikane kwamba uchafu haumo katika jambo hili, wala tumbaku, wala kahawa. Sababu ni maji. Katika miamba ya sehemu nyingi za nchi yetu, hasa mikoa ya Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida, Shinyanga, Mwanza na Mara, yamo madini yaitwayo floraidi, na maji ya ardhini hupita katika miamba hiyo yakayayeyusha na kuyabeba hadi visimani. Hayana rangi, hayana harufu, na ulimi hauwezi kuyatambua. Yakiwa kidogo ni rafiki wa meno, ndiyo maana hutiwa katika dawa za mswaki. Yakizidi huharibu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Sisi, kwa uhaba wa maji tuliokuwa nao, tulijiwekea mwaka 1974 viwango vya muda vilivyoruhusu hadi miligramu 8. Silaumu waliofanya hesabu hiyo. Mwananchi asiye na maji kabisa hafi kwa meno. Lakini watoto wa miaka ile tuliyabeba matokeo vinywani mwetu.

Jambo ambalo wazazi wengi hawalijui ni kwamba madhara haya ya meno humpata mtoto peke yake. Jino la ukubwani hutengenezwa ndani ya ufizi miaka mingi kabla halijatokeza, na floraidi iliyozidi huvuruga ujenzi wa tabaka lake gumu la nje wakati huo huo. Meno ya mbele, yale ambayo dunia huyaona, hujengwa zaidi katika miaka 3 au 4 ya kwanza ya maisha. Ya nyuma huendelea hadi yapata miaka 8. Mtu mzima akihamia Singida leo na kunywa maji yale yale kwa miaka 20, meno yake hayatabadilika rangi. Na mtoto aliyekwisha kuharibika hata ukimpeleka wapi hayatarudi kuwa meupe. Nimeona vijana wakiyasugua kwa mchanga na vipande vya matofali. Wanajitonesha bure, na wanalimega lile tabaka dogo lililobaki. Daktari wa meno anao uwezo wa kuyang'arisha au kuyafunika, ila gharama yake si ya mshahara wa mfanyakazi wa kawaida.

Hatuko peke yetu duniani. Mwaka 1901 daktari wa meno kijana aitwaye Frederick McKay alifika mji wa Colorado Springs huko Marekani akakuta wenyeji wana meno ya kahawia, na kila mtu akimpa sababu yake. Alihangaika miaka 30. Aligundua kwamba wageni waliokuja wakiwa watu wazima hawakupatwa, akaanza kuyashuku maji, lakini vipimo vya siku zile havikuonyesha kitu. Katika mji wa Oakley, jimbo la Idaho, wazazi walimwambia kuwa watoto wao walianza kuharibika meno baada ya bomba jipya kuletwa kutoka chemchemi fulani. Aliwashauri waliache, wakaliacha, na watoto wadogo waliofuata wakaota meno meupe. Jina la mharibifu lilijulikana mwaka 1931 tu, pale mkemia H. V. Churchill alipoyapima maji kwa chombo bora zaidi. Mimi humkumbuka sana McKay kwa sababu moja: aliwasikiliza kina mama.

Meno si mwisho wa habari. Palipo na floraidi nyingi mno, mtu akiyanywa maji hayo miaka mingi, mifupa nayo hudhurika. Viungo hukakamaa, mgongo ukawa mgumu kuinama, na miguu ya watoto ikapinda. Watu wa Arumeru, chini ya Mlima Meru, wanaijua hali hiyo. Huko ndiko kilikowekwa kituo cha utafiti cha Ngurdoto, ambako maji huchujwa kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa ikichomwa kwa utaratibu maalumu huinasa floraidi. Kuchemsha, ambako sote tumefundishwa kwa ajili ya kipindupindu na kuhara, hakusaidii hapa hata kidogo. Mvuke huondoka, madini hubaki sufuriani.

Sasa niseme kilichonifanya niandike. Binti yangu ana mwaka mmoja na miezi saba, naye ameachishwa ziwa. Kwa desturi yetu mtoto wa umri huo hupelekwa kwa bibi yake akalelewe, na mimi mwenyewe nililelewa hivyo. Kazi ya gazeti haina saa. Mume wangu anaingia zamu za usiku kiwandani. Na msichana wa kutusaidia ametuaga anaolewa. Mama yangu, ambaye bado yuko Mandewa na ana nguvu zake, alikwisha kushona nguo na kutenga kuku wawili wa kumkaribishia mjukuu. Mimi nikasema hapana, asije kwanza.

Nilimweleza mama kwa simu habari za kisima cha nyumbani, kwamba maji yake yamepimwa na yamezidi kiwango. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mwanangu, maji hayo ndiyo yaliyokulea wewe. Umesoma kwa maji hayo. Leo yamekuwa sumu?" Nikamjibu kuwa simaanishi hivyo. Akauliza, "Au ni meno yangu ndiyo hutaki mtoto ayaone?" Msomaji aliye na mama atanielewa nilivyolala usiku ule.

Mume wangu aliliona jambo hili dogo. Alisema ameoa mke mwenye meno hayo hayo na hajajuta. Nikamshukuru, lakini nikamwambia kuwa yeye alinichagua akiwa mtu mzima mwenye akili zake, ilhali binti yetu atakutana kwanza na watoto wenzake wa shule, na watoto hawana huruma hiyo.

Tulichokiona kinafaa ni hiki. Maziwa ya mama huwa na floraidi kidogo sana, hata kama mama mwenyewe anakunywa maji mabaya. Hatari huanza na uji. Kwa hiyo lililo muhimu ni maji ya kunywa na ya kupikia ya mtoto, ambayo hayazidi ndoo moja kwa siku. Maji ya mvua karibu hayana floraidi. Nyumba ya mama ina bati, na mvua za Singida huanza Novemba au Desemba hadi Aprili. Tumenunua tangi la lita 2,000 na mifereji ya bati, kwa mkopo wa chama cha akiba cha kazini, na fundi wa pale mtaani amekwisha kuvifunga. Magadi pia tumeomba yasitiwe katika mlenda wa mtoto, kwa kuwa aina nyingi za magadi zina floraidi nyingi. Ombi hili lilimuudhi mama kuliko lile la kisima. Mlenda usio na magadi, alisema, ni mboga ya hospitali.

Hata hivyo wiki iliyopita alinipigia simu mwenyewe, kabla sijamtafuta. Alitaka kujua kama maji ya tangi yatatosha na majirani wawili wenye watoto wachanga, maana wamekwisha kuja kuuliza. Nikakadiria: ndoo tatu kwa siku ni lita 60, tangi linamalizika katika siku 33, na kiangazi chetu ni miezi sita na zaidi. Akasema basi, waambiwe nao watafute mifereji, na yeye atazungumza na balozi wa nyumba kumi kuhusu matangi. Mtoto atabaki Dar es Salaam kwa shangazi yake hadi mvua za kwanza zinyeshe.