Mjomba na Willy Gamba

Kiswahili changu cha kwanza sikukipata darasani. Nilikipata kwa mjomba, kwetu Tororo, katika nyumba ambayo lugha yake ni Dhopadhola. Mjomba alikuwa bodaboda wa baiskeli mpakani Busia, akivusha abiria na mizigo kati ya Uganda na Kenya, na jioni alirudi na vitabu vichakavu alivyonunua upande wa pili. Aliyempenda ni mmoja tu, Elvis Musiba.

Kufa na Kupona (1974) nilikimaliza usiku mmoja kwa tochi. Njama (1981) pia. Nilipofika Hofu (1988) nilianza kumtangulia mwandishi. Chifu atampigia simu Willy Gamba. Willy atapanda ndege. Atatokea msichana mzuri kupita kiasi, nami nitakuwa nimeshapima kama ni adui. Mwenzake mmoja atauawa, hasira zimpande. Nyuma ya yote yupo kaburu na msaliti wetu anayemuuzia siri. Nikakifunga kitabu kurasa ishirini kabla ya mwisho.

Chuoni nikajifunza kulieleza jambo hilo. Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao yake Dar es Salaam. Adui alikuwa mmoja, anajulikana, basi na njama zikafanana. Mwaka 1994 ubaguzi ukaanguka Afrika Kusini, na katika Uchu (2000) Musiba akamwingiza Willy kwenye mkasa wa Rwanda. Niliandika hayo, nikapata alama nzuri, nikajiona nimemalizana na Willy.

Mwaka jana mjomba alipatwa na kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vikalala, na macho yakawa hayafuati tena mistari. Akaniomba nimsomee Njama. Siku ya tatu nilichoka, nikaruka kurasa nne za mapigano.

“Umeruka,” akasema, ulimi mzito.

“Mjomba, si unajua atashinda?”

“Najua. Nataka kusikia anavyopigwa.”

Bado nasema Hofu kinajirudia mno, na mhadhiri akiniuliza nitajibu hivyohivyo. Lakini jioni ile nilirudi nyuma, nikasoma kila ngumi. Mjomba alikuwa anautazama mkono wake juu ya shuka. Tulipofika pale Willy anaponyanyuka, akaniomba nirudie.