Mawe, Kadi na Simu: Redio Ilivyobadilika Nakuru

Historia ya redio mjini Nakuru ni, kwa sehemu kubwa, historia ya umbali kati ya anayesema na anayesikiliza, kwa kuwa kwa miongo mingi mji huo, ingawa ulikuwa kitovu cha mashamba ya Bonde la Ufa la kati, haukuwa na kituo chake na ulitegemea sauti zilizotoka Nairobi. Utangazaji ulioanza huko mwaka 1928 chini ya kampuni ya British East African Broadcasting ulikuwa wa Kiingereza na uliwalenga walowezi. Vibarua wa mashamba ya ngano na pareto ya Njoro na Molo, sawa na Waafrika wengine, walianza kutangaziwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya kikoloni ilipohitaji kuwapa jamaa za askari habari za vita. Asili hiyo haipaswi kupuuzwa, kwa sababu redio iliingia masikioni mwa watu ikiwa mdomo wa serikali, na tabia hiyo haikuisha mwaka 1964, shirika la utangazaji lilipotaifishwa na kuitwa Sauti ya Kenya, wala mwaka 1989, liliporudishiwa jina la Shirika la Utangazaji la Kenya, yaani KBC.

Vipindi vya enzi hiyo vilipangwa kwa saa, na msikilizaji ndiye aliyejipanga kuvifuata. Taarifa ya habari, ambayo kwa miaka mingi ilitanguliza shughuli za Mtukufu Rais hata pale ambapo hakukuwa na jambo kubwa la kuelezwa, ilifuatwa na matangazo ya vifo, masomo ya redio kwa ajili ya shule na mawaidha ya kijamii, ambayo kielelezo chake mashuhuri ni kipindi cha Leonard Mambo Mbotela kiitwacho “Je, Huu Ni Ungwana?”, kilichoanza mwaka 1966 na kuwafundisha Wakenya adabu kwa kuwauliza swali badala ya kuwakemea. Lugha za mama hazikunyimwa nafasi kabisa, ila zilipeana zamu katika idhaa za mikoa, hivi kwamba msemaji wa Kikalenjin au Kikuyu alisubiri saa yake ifike na kuvumilia, au pengine kufurahia, saa za wenzake.

Hata hivyo, kipindi kilichomgeuza msikilizaji kuwa mshiriki kilikuwa cha salamu. Kadi ya salamu ilikuwa karatasi iliyochapwa, ikiuzwa madukani, yenye nafasi za kujaza jina la mtumaji, majina ya wanaosalimiwa na mahali walipo, wimbo uliochaguliwa na mwishoni “ujumbe”, ambao mara nyingi ulikuwa methali au fumbo lililomlenga mtu ambaye hakutajwa. Kadi ilitumwa kwa posta na kusubiriwa, na waliozituma kwa wingi walijipa majina ya utani, wakaunda vyama vyao na kufahamika kote nchini bila kuonekana. Kwa mji wa wahamiaji kama Nakuru, ambako karibu kila familia ilikuwa na ndugu aliyebaki kwingine, orodha ile ya majina iliyosomwa haraka haraka ilifanya kazi ambayo barua na basi havikuweza kuifanya kwa pamoja, na ni makosa kuiona kuwa burudani tupu.

Uhusiano wa Nakuru na redio ulikuwa pia wa kiwandani. Mawe ya redio, kama Wakenya wengi wanavyoziita betri kavu, yalitengenezwa katika mji huo huo, kwenye kiwanda kilichojengwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na kampuni ya Marekani ya Union Carbide, ambacho baadaye kilijulikana kwa jina la Eveready na kwa nembo yake ya paka. Hivyo, mji ambao haukuwa na sauti yake hewani ndio uliotoa nguvu iliyoziwezesha redio za vijijini, ambako umeme haukuwa umefika, kusema.

Mabadiliko ya miaka ya 1990 yalikuwa ya sheria na ya mitambo kwa wakati mmoja. Capital FM ilipoanza kutangaza Nairobi mwaka 1996, ukiritimba wa serikali ulivunjika, na sheria ya mawasiliano ya mwaka 1998 ikaunda tume ya kugawa masafa. Mawimbi ya kati, yaliyotumiwa na idhaa za zamani, hufuata uso wa ardhi na usiku hurudishwa chini na tabaka za juu za anga, ndiyo maana yalifika mbali ingawa kwa mikwaruzo. Mawimbi ya FM, kinyume chake, ni safi lakini husafiri takriban kwa mstari ulionyooka, na huzuiwa na milima. Katika bonde lililobanwa na Mau upande wa magharibi na Nyandarua upande wa mashariki, sifa hiyo ina maana kwamba kituo kinachosikika wazi mjini kinaweza kufifia mteremkoni kuelekea Subukia, na kwamba ujanibu wa redio umeamuliwa na miamba kama ulivyoamuliwa na wenye vituo.

Vituo vya lugha za mama vilivyofuata, kuanzia Kameme FM ya Kikuyu mwaka 2000 hadi Kass FM na Chamgei FM za Kikalenjin, viliondoa ile desturi ya kusubiri zamu. Faida yake haina ubishi, kwani mkulima wa Kuresoi aliweza kusikiliza habari za mbolea na za siasa kwa lugha anayoiotea ndoto. Lakini katika mji ambako nyumba mbili zilizopakana zinaweza kuwa na lugha mbili, kila nyumba sasa ilikuwa na redio yake na habari zake, na jirani hakujua mwenziwe ameambiwa nini. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliufikia mji wa Nakuru na ule wa Naivasha mwezi uliofuata. Serikali ilikuwa imepiga marufuku matangazo ya moja kwa moja tarehe 30 Desemba, na mtangazaji wa Kass FM, Joshua arap Sang, alishtakiwa baadaye katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ambayo ilisitisha kesi yake mwezi Aprili 2016 kwa kuwa ushahidi haukutosha.

Ni katika mwanga huo ndipo inapofaa kuvitazama vituo vilivyo na makao Nakuru kwenyewe, kama Sauti ya Mwananchi, Hero Radio na Radio Amani ya jimbo la Kanisa Katoliki, ambavyo hutangaza zaidi kwa Kiswahili. Uchaguzi huo ni wa kibiashara, maana Kiswahili ndicho lugha ya soko na ya matatu, lakini umewarudisha majirani kwenye masafa yaleyale. Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoko Njoro, nacho kina redio yake, ambayo ni uwanja wa mazoezi kwa watangazaji chipukizi.

Muundo wa vipindi sasa unafuata simu. Kipindi cha asubuhi cha watangazaji wawili wanaotaniana, chenye wasikilizaji wanaopiga simu kueleza migogoro ya ndoa, kimeenea kutoka vituo vya kitaifa kama Radio Jambo, ambayo “Patanisho” yake huwaunganisha wanandoa waliokosana huku nchi nzima ikisikiliza; mazungumzo hayo ni rahisi kuyatayarisha, na wakati mwingine urahisi huo unasikika. Kiwanda cha mawe kilifungwa mwaka 2014, kikiwa kimelemewa na bidhaa za bei nafuu kutoka nje na kupungua kwa vifaa vinavyotumia betri kubwa, na redio nyingi zikahamia ndani ya simu za mkononi. Mtumaji wa salamu hanunui tena kadi, lakini ujumbe anaoutuma kwa simu umebaki na mpangilio uleule wa jina lake, jamaa zake na mahali walipo, wimbo, kisha fumbo, na mtangazaji huusoma mbio kabla tangazo la biashara halijaingia.